Jumamosi Zangu Zina Wenyewe

Kwa miaka mitano ya kwanza ya kazi yangu, mume wangu hakuwahi kukanyaga ukumbi niliokuwemo. Alikuwa ananiona natoka Jumamosi saa nane mchana na gauni kwenye begi, ananisikia nagonga mlango saa nane usiku, basi. Hapo katikati alipajua kwa kuambiwa. Na wa kumwambia hawakukosekana. Si mnaujua mji mdogo, jamani.

Mimi ni MC wa sherehe. Ninaishi Misungwi, kwenye barabara ya kutoka Mwanza kwenda Shinyanga, mahali ambapo ukinunua viatu asubuhi, jioni wifi yako ameshajua bei. Harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, jubilei, mahafali, yote nafanya. Hata ufunguzi wa duka la pembejeo nimewahi kuusimamia, nikapanda juu ya mifuko ya mbolea kwa sababu jukwaa halikuwepo.

Nilianza mwaka 2009 bila kupanga. Nilikuwa nauza duka la dawa. Rafiki yangu akafanyiwa sendofu, MC waliyemlipa akazima simu, na mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mwenye hasira za karibu, akanigeukia: "Wewe si ndiye unayewachekesha wateja pale dirishani? Shika maiki." Nikashika. Walinipa shilingi 20,000 na sahani ya pilau ya kupeleka nyumbani. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu mbili.

Wengi wanadhani kazi hii ni mdomo. Mdomo ni robo. Kazi yenyewe inafanyika kabla, kwenye vikao vya kamati, umekaa kwenye kiti cha plastiki unasomewa bajeti: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, keki, gari la maharusi, picha, muziki, na mwisho kabisa, wakati kila mtu ameshaanza kutafuta funguo zake, "MC". Hapo ndipo mweka hazina anakumbuka kwamba michango haijatimia. Kwa hiyo mtu wa kuelewana naye kwenye kamati si mwenyekiti, ni mweka hazina. Nusu unachukua mbele, nusu nyingine unaipokea kabla keki haijakatwa, maana kesho yake kamati haipo tena. Wote wamezima simu, wamelala.

Halafu kuna majina. Shughuli yangu ya tatu nilimwita mama mzazi wa bibi harusi asimame apigiwe vigelegele. Wakasimama wanawake wawili. Mmoja alimzaa, mwingine alimlea tangu ana miaka miwili, na baba yao kakaa katikati anaangalia bia yake. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikaisikia jenereta huko nje. Nikajikakamua, nikasema leo bibi harusi wetu ana neema ya mama wawili, basi vigelegele mara mbili. Watu wakacheka, lakini mmoja wa wale mama alitoka na hakurudi kula. Tangu siku hiyo sipandi jukwaani bila daftari. Siku mbili tatu kabla ya sherehe namtafuta shangazi au bibi mmoja wa kila upande, nampelekea sukari na sabuni, tunakaa, ananitajia ukoo: nani kamzaa nani, nani kaachana na nani, nani hasalimiani na nani kwa sababu ya ng'ombe wa mahari wa mwaka gani. Madaftari yale nayalinda kuliko magauni.

Kipato? Kipo, ila kina msimu kama pamba. Huku kwetu watu wanaoza baada ya mavuno. Juni mpaka Septemba unaweza ukakosa usingizi, halafu Desemba. Kwaresma inakaa kimya, Ramadhani hivyo hivyo. Na kuna miaka inayokuja na mambo yake. Machi 2020 mikusanyiko ilipozuiwa kwa sababu ya korona, nilirudi dirishani kuuza dawa. Machi 2021 nchi ikaingia kwenye maombolezo ya Rais Magufuli, na sherehe zangu mbili zikasogezwa mbele. Mtu akisogeza shughuli, advansi yake wewe umeshainunulia unga. Yaani hapo ndipo utajua kama una akiba au una maneno tu.

Sasa turudi nyumbani. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha hesabu, na siku moja mwanzoni mwa 2014 alinifanyia hesabu. Alisema, bila kupandisha sauti: "Mama Kulwa, mwaka jana ulikuwa na Jumamosi 52. Zako na sisi zilikuwa 15." Watoto wetu ni mapacha, Kulwa na Doto, wakati ule walikuwa darasa la kwanza. Sikuwa na jibu. Nilimwambia ada yao inatoka wapi, akasema hajauliza ada.

Kikubwa kilichokuwa kinamuuma, ninavyoamini, ni kutuzwa. Ukichangamsha watu vizuri, mtu anainuka na noti anakubandika kwenye paji la uso. Wanawake wanatuza, wanaume wanatuza, ndiyo furaha yenyewe. Ila mwalimu mwenzake alikuwa kwenye harusi moja, akaenda kusimulia ofisini kwamba mkeo jana kabandikwa noti na mwanamume fulani, na walimu wengine wakacheka. Mume wangu hakunikataza kazi. Angenikataza, tungegombana tukayamaliza. Yeye alinyamaza. Nikirudi usiku nakuta chakula kimefunikwa, mswaki wangu umewekwa pale pale, na mtu amegeukia ukutani.

Aliyekuwa upande wangu waziwazi alikuwa mmoja tu, baba mkwe.

Mzee alikuwa anakaa ng'ambo, upande wa Sengerema. Ujana wake alikuwa mcheza ngoma, bugobogobo, ile ya majembe. Ninyi wa mjini mnaiona siku za wageni rasmi, lakini zamani ilikuwa kazi hasa: kikundi kinaalikwa shambani kwa mtu, kinalima kwa ngoma, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, jioni wanalishwa na kulipwa. Yeye alikuwa wa Bagalu. Kwa msomaji asiye wa Usukumani, jamii kuu za wacheza ngoma kwetu ni mbili, Bagika na Bagalu, na simulizi zinawataja Ngika na Gumha, waganga na wachezaji wawili wa karne ya 19 walioshindana mpaka kila mmoja akawa na wafuasi wake. Ushindani wenyewe hauna jaji wala alama. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, na watazamaji wana hiari ya kuhama. Atakayebaki na watu wengi ameshinda. Ndiyo maana walitafuta samba, dawa za kuvuta watu, na wengine wakaingia uwanjani na chatu shingoni. Mpaka leo kila Juni, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, kuna Bulabo pale Bujora, Kisesa, ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza miaka ya 1950 kuzipa ngoma za Wasukuma nafasi kanisani na kukusanya vitu vyao ambavyo baadaye vilipata makumbusho.

Mwaka ule, 2014, familia ilikuwa inapanga jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya wazee, ifanyike Desemba. Bila kuombwa na mtu nilianza kuandaa daftari. Mwezi Juni nikavuka ziwa siku ya kazi, peke yangu, nikakaa na mzee chini ya mwembe wake tangu saa tatu mpaka jua likazama. Alinitajia ukoo vizazi sita. Akanisimulia kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa yeye akiwa Bujora kwenye mashindano, akarudi siku ya nne akakuta mama mkwe kafunga mlango. Nikamuuliza, je, mlishinda? Akasema, "Tulishinda." Kisha akakaa kimya kidogo, akaongeza, "Watu walikuwa wengi kweli." Nikaandika kila kitu. Zilikuja kurasa nne.

Jumamosi moja ya Agosti, saa kumi na moja alfajiri, simu ya mume wangu ikalia. Mzee alikuwa ametutoka usingizini.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa na harusi hapa hapa Misungwi. Watu 300. Advansi nilishaipokea na ilishalipa ada ya Kulwa na Doto. Nilipiga simu kwa MC mmoja, wa pili, wa tatu; Agosti hiyo, nani yuko huru? Mume wangu alikuwa anafunga begi la watoto. Nikamweleza. Akaniangalia, akasema, "Fanya unavyoona." Wanawake wenzangu mnaijua sentensi hiyo. Saa moja asubuhi walikuwa wameshaondoka, yeye na watoto, kwenda msibani.

Nikaenda harusini.

Nimeshajitetea sana kuhusu siku ile. Nimesema bibi harusi hakuwa na kosa, nimesema pesa ilishatumika, nimesema mzee mwenyewe angenielewa. Yote ni kweli. Ila kuna lingine ambalo nilichukua miaka kulisema: sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka kwenda. Ukumbini nilijua la kufanya. Msibani ningekuwa mkamwana kwenye mkeka, nimejifunika khanga, sina hata neno la kumwambia mume wangu.

Niliwaambia watu wawili tu, kijana wa muziki na mweka hazina. Nikasalimia kwa Kisukuma kama kawaida yangu, "Mwadila!", ukumbi mzima ukaitikia. Nikawachezesha kina mama, nikawakimbiza kina baba kutoa zawadi, nikawapatanisha mashemeji waliogombea kiti. Nilikuwa vizuri, msinione najisifu, nilikuwa vizuri kuliko siku nyingi. Kisha ikafika zamu ya baba wa bwana harusi kutoa nasaha. Mzee akasimama, akakohoa kwanza kikohozi kile cha wazee cha kutafuta maneno. Nikamkabidhi maiki, nikageuka, nikainama kwenye spika kama mtu anayetengeneza waya. Kijana wa muziki akaja kuinama pembeni yangu. Tukautengeneza waya mzima mzima mpaka nasaha zikaisha.

Saa sita na nusu usiku nikapanda gari la kukodi. Pale Usagara, njia panda ya kwenda Kigongo, tukapata pancha, na tairi la akiba lilikuwa na upepo wa kutosha baiskeli tu. Tulipofika Kigongo ilikuwa imebaki kungoja kivuko cha kuvukia Busisi. Nikakaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, gauni la kung'aa chini, khanga juu, wanja umetiririka. Yule mama aliniangalia, hakuuliza, akanimiminia maji ya moto kwenye beseni. Nikanawa uso hapo hapo. Kuna vumbi la dhahabu wanalokupaka mashavuni, halitoki kirahisi. Nilivuka nalo.

Nilifika msibani watu wanakunywa uji. Nikapiga goti kwa shangazi, dada yake marehemu, mama mtu mzima anayeogopwa na ukoo mzima. Akanitazama mashavu. Akasema, "Karibu, MC."

Basi. Hakusema jingine siku tatu. Wala hakuhitaji.

Mazishi yalikuwa Jumatatu. Jumapili usiku, wanaume wakakaa kuandika wasifu wa marehemu, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Mmoja anasema kazaliwa 1938, mwingine 1941. Babu yake babu, hakuna anayemkumbuka. Kuhusu ngoma walijua kwamba "alikuwa anapenda utamaduni". Mimi niko kwa nje nasuuza sahani, nasikia yote. Nilikuwa nimekuja na begi la kazini kwa sababu sikupita nyumbani. Nikafuta mikono, nikachukua daftari, nikalifungua kwenye kurasa zile nne, nikampelekea mume wangu, nikarudi kwenye sahani.

Alisoma kwa tochi ya simu. Alisoma muda mrefu. Sikujua kama alikuwa anasoma kuhusu baba yake au anajiuliza lini nilikaa naye, maana sikuwa nimemwambia. Kesho yake aliusimamia wasifu yeye mwenyewe: vizazi sita, Bagalu, majembe, Bujora, hata ile ya mlango uliofungwa. Watu walicheka pale kaburini, cheko la machozi. Shangazi aliinamisha kichwa, sikumwona uso.

Ingekuwa sinema, tungepatana hapo hapo. Haikuwa. Tulirudi Misungwi na kimya chetu, kikaa mpaka Oktoba. Siku moja akaniambia, "Ungeniuliza ningekwambia nenda." Nikamwambia, "Nilikuuliza." Akasema, "Uliniambia. Hukuniuliza." Hilo tuligombana hasa, kwa sauti, mpaka Doto akaamka. Nafikiri ulikuwa ugomvi wetu bora kuliko yote.

Mwaka uliofuata, Aprili, nikiwa kwenye sendofu moja, nikaona mtu kakaa nyuma kabisa karibu na mashine ya muziki, kavaa shati la Jumapili. Sikumsalimia, nilikuwa kazini. Njiani kurudi nikasubiri aseme. Akasema, "Umesema 'kwa kweli' mara 41." Mwalimu wa hesabu huyo, mniombee.

Tangu hapo kazi yangu ina sura nyingine. Mkataba ni ukurasa mmoja, aliuchapa yeye, na una kifungu kwamba nikipata msiba wa mzazi, mtoto au mwenzi, nitaleta mtu wa kunishikia. Ili kifungu kisiwe uongo ilibidi huyo mtu awepo, kwa hiyo nilimfundisha binti mmoja, na ninamlipa hata Jumamosi ambayo hakusema neno. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi haiuzwi. Nimeshakataa nayo laki tano na roho ikaniuma wiki nzima. Nilijisajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, maana mtu mwenye karatasi habembelezi kulipwa. Pesa za kutuzwa zinaingia kwenye kopo, anazihesabu yeye. Wivu haujaisha, asikudanganye mtu. Una kazi ya kufanya sasa, ndiyo tofauti.

Machi 2019, mtangazaji na MC maarufu Ephraim Kibonde alipofariki dunia hapa Mwanza, siku chache baada ya kushiriki kuongoza shughuli za kumzika Ruge Mutahaba kule Bukoba, nilikaa kitandani nikalia kwa namna iliyomshangaza mume wangu. Sikumjua Kibonde. Lakini nilijua ni nini kushika maiki huku kifuani kumejaa.

Na mwaka 2025, tarehe 19 Juni, Rais Samia alifungua daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lenye jina la Magufuli. Ambapo nilisubiri usiku ule mpaka alfajiri, sasa hata wimbo mmoja kwenye redio ya gari haujaisha, umeshavuka.

Agosti ile ile nikapigiwa simu na shangazi. Mjukuu wake anafanyiwa sendofu Sengerema, na MC anamtaka mmoja tu. Akabembeleza bei kama mnunuzi wa dagaa, nikapunguza, nikapunguza tena. Siku ya siku tukavuka jioni, mume wangu ndiye aliyeendesha, spika nyuma. Pale Kigongo nilitafuta kwa macho lilipokuwa benchi la yule mama wa chai, lakini darajani unapita juu, huoni vizuri.

Tulikuta shangazi kaketi mlangoni mwa ukumbi na fimbo yake, anakagua kila anayeingia. Nikapiga goti. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kulia, kushoto, akayatazama mashavu yangu yaliyopakwa dhahabu.

"Mimi nikifa Jumamosi," akasema, "utakuja lini?"

Nilikosa la kusema, mimi ninayelipwa kwa kusema. Nyuma yangu mume wangu alikuwa amebeba spika kifuani, jasho linamtoka.

"Shangazi," akasema, "muombe Mungu iwe Jumanne. Jumamosi huyu ana watu wake, na mimi ndiye mbeba vyombo. Tupishe, spika nzito."

Kizee kikacheka mpaka fimbo ikamdondoka.